UZI: Kizazi kushuka kwa mama zetu huku Kusini, mamangu kaficha miaka 11 na haya ndo niliyoyakuta kwenye tafiti

Bint Kitangari (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau, hasa Kusini wenzangu wa Mtwara na Lindi. Huu uzi nimeukalia muda mrefu, nimeandika nikafuta mara tatu mana ni mambo ya ndani ya mama yangu mzazi, ila juzi mwenyewe kaniambia andika mwanangu, jina langu tu usiliweke. Kwa hiyo naandika kwa ruhusa yake.

Mama ana miaka 63, yuko kijijini Newala, kazaa wanane na sita kati ya hao kazalia nyumbani. Maisha yake ni yale yale mnayoyajua, maji kufuata bondeni na ndoo kichwani enzi zile bomba halijapanda huku juu, palizi, muhogo, alafu msimu wa korosho anainama toka asubuhi mpaka jua linazama anaokota na jioni gunia juu. Mwaka jana mwezi wa kumi nilienda kumsaidia kuokota nikawa namuona kila baada ya muda anaenda nyuma ya mkorosho anachuchumaa, anajirekebisha, anarudi. Nikadhani tumbo. Usiku nikamuuliza akanyamaza muda mrefu mpaka nikajua hatajibu, alafu akasema taratibu "ni kizazi mwanangu, kinatoka nje, kimeanza mwaka ule ulioajiriwa."

Mimi nina miaka 11 kazini. Ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha watoto wa watu mfumo wa uzazi kila mwaka na sikujua kwamba mamangu anatembea na kitu hicho.

Alikuwa anachukua kipande cha kanga kukuu anakiviringisha kama mpira wa watoto anajisokomezea ndani ili kizazi kisitoke akiwa shamba. Mkojo ulikuwa hautoki wote mpaka akirudishe kwa kidole. Msikitini aliacha kwenda kwa sababu akirukuu anahisi kinashuka. Alishaenda kituo kimoja cha afya zamani, sikitaji, akaambiwa bibi huo ni uzee, akapewa panadol akarudi. Baadae kuna mtu akampa unga wa mizizi aweke ndani "kizazi kijikunje", ukamuunguza akalala wiki nzima.

Nikaanza kusoma, na sikusoma vipeperushi, nimesoma tafiti zenyewe usiku kwa usiku na bando langu. Nitaweka hapa chini kidogo kidogo. Naombeni tusitanie kwenye uzi huu.

Mvuvi wa Shangani

Pole sana dada, na mpe pole mama. Mi ni mwanaume ila nitakaa hapa nisome mana shangazi yangu Msijute kule nahisi ana hii kitu, hakai muda mrefu kwenye kigoda. Hebu anza na kinachosababisha.

Bint Kitangari

Kaka nashukuru. Nakueleza nilivyowaelezea wanafunzi wangu wa kidato cha nne, mana mwisho nimeifundisha pia darasani.

Unajua kitanda cha kamba cha wazee wetu. Chini ya nyonga ya mwanamke kuna misuli na kano zimetandazwa hivo hivo kama zile kamba, na juu yake vimekaa vitu vitatu, kibofu mbele, kizazi katikati, utumbo wa haja kubwa nyuma. Kamba zikilegea au moja ikikatika, godoro linabonyea. Likibonyea upande wa mbele ni kibofu kinasukumia ukuta wa uke, upande wa nyuma ni utumbo, katikati ni kizazi chenyewe, na wengine vinashuka vyote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akikuambia "nyama imetoka" inawezekana wala sio kizazi, ni kibofu, na ndo mana lazima upimwe na anayejua, matibabu yanatofautiana.

Kinacholegeza kamba kwanza ni kuzaa kwa njia ya kawaida, mtoto anapopita misuli inavutika kupita kiasi na kwa baadhi ya wanawake inang'oka kabisa pale iliposhikia kwenye mfupa. Mwaka 2003 daktari DeLancey na wenzake kule Marekani walipiga wanawake picha za MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili), wale ambao hawajawahi kuzaa hakuna hata mmoja aliyekutwa na misuli iliyoharibika, ila baadhi ya waliozaa mara moja tu wakakutwa nao. Kwa hiyo kidonda kinaanzia leba, ila kutoka kwa kizazi kunaweza kuja miaka 20 au 30 baadae, umri ukienda, homoni zikishuka baada ya hedhi kukoma. Ongeza kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, unene, na kubeba vizito.

Na sasa hii ya nyumbani. Kilimanjaro, madaktari wa huko na wenzao walizunguka vijiji vya Hai, Rombo na Same wakawapima wanawake zaidi ya 1,000, wakachapisha mwaka 2018. Waliokutwa na mshuko wa daraja la pili mpaka la nne ni asilimia 64.6. Na kilichohusiana nao ni umri, idadi ya uzazi, na kazi ngumu, kubeba mizigo mizito masaa mengi kwa siku. Nilipofika hapo kwenye kubeba mizigo niliweka simu chini. Hao wanawake wa Kilimanjaro wanabeba ndizi na majani ya ng'ombe, wa kwetu wanabeba maji na korosho. Shingo ni zile zile.

Mtoto wa Ruangwa

Mwalimu hapo kwenye 64.6 mi napingana na wewe kidogo, yaani katika kila wanawake watatu wawili wanaumwa?? Mbona mtaani hatuwaoni. Naona kama hizo tafiti zinatiwa chumvi ili wapate pesa za miradi

Bint Kitangari

Swali zuri na ndo maana napenda tusome taratibu. Daraja la pili maana yake nini? Kuna kipimo walikubaliana mabingwa mwaka 1996, wanapima kwa sentimita kutoka kwenye mlango wa uke, pale penye utando wa bikira. Sehemu iliyoshuka zaidi ikiwa kati ya sentimita moja ndani na sentimita moja nje ya mlango, hilo ni daraja la pili. Sasa mwanamke ambaye kimeshuka ila bado kiko ndani sentimita moja anaweza asihisi chochote maisha yake yote na wala hahitaji dawa. Kwenye utafiti huo huo ambao kimeshuka sana, kimevuka mlango kwa sentimita moja na zaidi, ni asilimia 6.7. Hao ndo akina mama yangu.

Ila kaka hebu ichukue hiyo 6.7. Kati ya wanawake 100 kijijini kwako sita au saba. Umesema mtaani hatuwaoni, kweli hatuwaoni, mimi nilikuwa nalala nyumba moja na mmoja wao likizo zote na sikumuona.

Nesi wa Zamani

Assalam aleikum wote. Mimi nimestaafu, nimefanya wodi ya wazazi miaka mingi huku Lindi. Anachosema huyu binti ni kweli tupu. Tulikuwa tunawapokea wakishafika hatua ya mwisho, kizazi chote kiko nje, kimekauka kama ngozi ya kisigino kwa kusuguana na nguo, kina vidonda, wengine mkojo umeziba. Ukimuuliza lini kimeanza anasema "zamani". Ukiuliza mumeo anajua? anatazama chini.

Na niseme lingine, wengi wanachanganya na fistula. Fistula ni tundu, mkojo au choo kinavuja muda wote bila hiari, inatokana na uchungu wa muda mrefu uliokwama. Hii ni kushuka. Nimeona mama ana kizazi kilichoshuka anapelekwa Dar na watu wa fistula alafu anaambiwa sio yenyewe, nauli imeshaenda.

Bint Kitangari

Shikamoo mama nesi. Nashukuru sana umefika, nitakuomba unisahihishe nikikosea.

Nesi wa Zamani

Marahaba mwanangu. Endelea, nitasema.

Mama Wawili Masasi

Dada me nina miaka 29 nimejifungua wa pili miezi minne iliyopita, kuna uzito nausikia chini kama kuna kitu kinataka kudondoka hasa jioni nikishasimama sana dukani. Naogopa. Ndo inaanza? Kuna mazoezi nasikia yanasaidia au ni maneno ya mitandaoni

Bint Kitangari

Mdogo wangu usiogope ila nenda upimwe, miezi ya mwanzo baada ya kujifungua misuli bado inajirudi na wengi hali inakaa sawa yenyewe.

Mazoezi sio maneno ya mitandaoni. Yalianza kusemwa sana na daktari wa Marekani anaitwa Arnold Kegel mwaka 1948, ila ushahidi ninaouamini mimi ni utafiti uliotoka mwaka 2014 kwenye jarida la Lancet, wanawake 447 kutoka Uingereza, New Zealand na Australia wenye mshuko wa daraja la kwanza mpaka la tatu. Waliwagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likafundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga na mtaalamu, mmoja mmoja, mara tano ndani ya wiki 16, kundi lingine likapewa karatasi ya maelezo ya namna ya kuishi tu. Baada ya mwaka mmoja waliofundishwa walikuwa na dalili chache zaidi, ule uzito, ule usumbufu, vilipungua.

Sikiliza neno waliofundishwa. Wanawake wengi wakiambiwa bana misuli wanasukuma chini kama wanajisaidia, ambayo ni kinyume kabisa na inaongeza tatizo. Unabana kama unazuia ushuzi, unavuta juu kwa ndani, unahesabu, unaachia, unapumzika, huku unapumua kawaida bila kubana matako wala mapaja. Mwanzoni unaweza kushika sekunde tatu tu, sawa, unaongeza. Na usiwe unakatisha mkojo katikati kila siku kama zoezi.

Ila kama kizazi kimeshatoka chote mazoezi peke yake hayatakirudisha, hapo tusidanganyane.

Nesi wa Zamani

Kweli. Na akikohoa au akinyanyua mtoto abane kwanza ndo anyanyue. Na choo kigumu, ale mapapai, mboga, anywe maji, asikae chooni anasukuma.

Haya mambo makungwi wetu walikuwa wanayajua kwa namna yao, mwali anafundishwa kujibana, ila walifundisha kwa ajili ya mume. Hakuna aliyetuambia ni kwa ajili ya uzeeni kwetu wenyewe.

Mama Wawili Masasi

Ahsanteni sana jamani, Jumatatu naenda. Nimepumua

Baba Sauda

Mimi sibishani na wasomi lakini wazee wetu walikuwa na dawa. Kuna mizizi inachemshwa mwanamke anakalia mvuke kizazi kinapanda. Na mara nyingi kizazi kinatoka kwa sababu mwanamke kavunja miko baada ya kujifungua. Msidharau asili.

Bint Kitangari

Baba Sauda shikamoo. Sidharau asili, nyumba niliyozaliwa ilikuwa na dawa za mizizi kila kona na zipo zilizotutibu. Ila kwa hili nimeshaona kwa macho. Dawa inayobana na kuunguza ngozi ya uke haigusi kamba za kitanda, kamba ziko ndani, unga unaishia juu ya ngozi. Mamangu alitoka damu.

Na kuhusu kuvunja miko, naomba kwa heshima zote tuliache. Mama alibeba maji wiki tatu baada ya kujifungua mtoto wa saba kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kubeba. Kama kuna mwiko ulivunjwa basi sisi wote nyumba nzima tulikunywa hayo maji.

Nepal, kule milimani Asia, tatizo hili ni kubwa mno mpaka likafika mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba wanawake kuachwa na vizazi vilivyoshuka bila huduma ni kuvunja haki yao ya afya ya uzazi, serikali ikatakiwa ichukue hatua. Mahakama haikuuliza nani alivunja miko. Wanawake wale wanazaa mapema, wanabeba mizigo mgongoni siku chache baada ya kujifungua. Nilisoma nikaona ni sisi wale wale.

Baba Sauda

Nimekuelewa mwanangu. Hapo kwenye maji umenigusa. Pole ya mama.

Mwana Kilwa

Me nina miaka 36 mtoto mmoja tu, nimepimwa hospitali moja daktari kasema kizazi kimeshuka dawa yake ni kukitoa, nipange tarehe. Nimelia wiki nzima. Nataka mtoto mwingine. Hamna njia nyingine kweli???

Bint Kitangari

Dada yangu usipange tarehe kabla hujauliza maswali.

Njia ya kwanza ambayo hukuambiwa ni ringi. Nitakuja nayo kwa kirefu chini hapo mana ndo ilimsaidia mama.

Ya pili, hata kama ni oparesheni sio lazima kizazi kitolewe. Kizazi chenyewe mara nyingi hakina kosa, kosa ni la kamba zinazokishika. Kuna oparesheni wanakifunga kizazi kwa nyuzi kwenye kano imara iliyo ndani ya nyonga karibu na mfupa wa mkia. Waholanzi walilinganisha hiyo na kutoa kizazi kwa njia ya uke, wanawake 208, matokeo ya mwaka mmoja yakachapishwa mwaka 2015, wakawafuatilia mpaka miaka mitano wakachapisha tena mwaka 2019. Kubakiza kizazi hakukuwa na matokeo mabaya kuliko kukitoa. Na Waingereza wana oparesheni ya kubakiza kizazi tangu mwaka 1888, inaitwa ya Manchester, ila hiyo inakata sehemu ya shingo ya kizazi kwa hiyo kwa anayetaka mtoto sio nzuri.

Ila ukweli mwingine nao nikuambie, kama bado unataka kuzaa madaktari wengi watakushauri umalize uzazi kwanza ndo ufanyiwe oparesheni, mana ujauzito na kujifungua vinaweza kulegeza tena kilichofungwa. Hapo katikati unaishi na ringi na mazoezi. Tafuta maoni ya pili kwa daktari bingwa wa wanawake, sio dhambi.

Mwana Kilwa

Ringi ndo nini? Ya kuvaa?

Bint Kitangari

Sasa hapa ndo nilitaka tufike, nisomeni taratibu.

Kitaalamu inaitwa pesari. Ni kitu cha silikoni laini, kinakunjika, aina inayotumika sana ni ya duara kama bangili nene. Daktari au nesi aliyefundishwa anakupima saizi, anaikunja, anaiingiza ukeni, inafunguka inakaa juu inashikilia kizazi kisishuke. Ikikaa vizuri huisikii. Haikati, haishoni, haikulazi wodini.

Na mjue wazo lenyewe ni la kale mno. Wagiriki enzi za Hippocrates walikuwa wanaweka nusu ya komamanga. Enzi hizo hizo kuna wanawake walikuwa wanawafunga kwenye ngazi kichwa chini miguu juu wanawatikisa kizazi kirudi. Nilipomsomea mama habari ya komamanga alicheka mpaka akashika mbavu, akasema "kumbe mpira wangu wa kanga ulikuwa na ndugu zake." Ni kweli. Mama hakuwa mjinga, aligundua peke yake kitu sahihi, alichokosa ni kifaa safi na mtu wa kumpimia saizi. Miaka 11.

Je ringi inafanya kazi kama oparesheni? Waholanzi tena, wanawake 440 wenye dalili, wakawagawa kwa bahati nasibu wengine ringi wengine kisu, wakawauliza baada ya miaka miwili, ikachapishwa mwaka 2022. Waliosema hali imekuwa bora, kwenye oparesheni asilimia 81.5, kwenye ringi asilimia 76.3. Kwa hesabu zao hawakuweza kuthibitisha kwamba ringi sio duni kuliko oparesheni, na zaidi ya nusu ya walioanza na ringi, asilimia 54.1, waliishia kufanyiwa oparesheni. Kwa hiyo sisemi ringi ni muujiza. Nasema asilimia 76.3 kwa walioanza na kitu kisichokukata, hata kama wengine baadae walikatwa, ni kubwa mno kufichwa, na mgonjwa ana haki ya kuijaribu kwanza kabla ya kisu, na ikimshinda kisu kipo pale pale hakijakimbia.

Tena kuna hili ambalo kwa Kusini yetu mimi naona ni dhahabu. Zamani ilikuwa lazima urudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa nesi akutolee akuoshee akurudishie. Mtu wa Liwale au wa Nanyumbu atafanyaje hayo wakati wa masika? Uingereza wakafanya utafiti kwa wanawake 340, nusu wakafundishwa kuitoa wenyewe, kuiosha na kuirudisha, nusu wakaendelea kwenda kliniki. Baada ya miezi 18, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023, hali ya maisha yao ilikuwa sawa tu, na wale wanaojihudumia wenyewe walipata matatizo machache zaidi. Machache zaidi! Mama yangu hajui kusoma, alifundishwa na nesi siku moja asubuhi, akaitoa na kuirudisha mara tatu mbele yake, akaweza. Sasa anaitoa mwenyewe Alhamisi usiku, anaosha kwa maji safi na sabuni, analala bila, asubuhi anairudisha.

Mimi nashindwa kuelewa kwa nini mama anaweza kuaminiwa kujidunga sindano ya kisukari nyumbani alafu asiaminiwe na hii.

Nesi wa Zamani

Umesema vizuri, niongeze tahadhari. Ikitoka harufu mbaya, usaha, damu, au maumivu, aende haraka, inaweza kuwa imechubua ukuta. Aliyekoma hedhi ngozi huwa kavu, daktari anaweza kumpa krimu ya homoni ya kupaka ndani inasaidia. Na damu yoyote baada ya hedhi kukoma, awe na ringi au asiwe nayo, apimwe saratani, asiseme ni ringi tu. Asiyeweza kuitoa mwenyewe asiisahau humo, inatakiwa iangaliwe kwa ratiba. Nimewahi kumtoa bibi mmoja kitu alichowekewa miaka mingi, alishasahau, kilikuwa kimeshika nyama.

Akishindwa kukojoa kabisa hiyo ni dharura, usiku huo huo.

Mtoto wa Ruangwa

Nimeelewa sasa mwalimu, na ile ya 64.6 nimeiacha. Swali, zile nyavu? Nilisikia wanawake wa Ulaya wanashtaki makampuni

Bint Kitangari

Ndio. Kuna wakati madaktari wa nchi tajiri walianza kuweka wavu wa plastiki kupitia ukeni wakidhani nyuzi peke yake hazitoshi. Wavu ukawa unatokeza kwenye ukuta wa uke, maumivu, ndoa zinavunjika, na kuutoa ni kazi ngumu mno. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, wakaona wavu haukuongeza faida yoyote kuliko kushona kwa nyuzi, na zaidi ya mwanamke mmoja kati ya kumi walioweka alipata tatizo la wavu ndani ya miaka miwili. Uingereza wakasimamisha Julai 2018, Marekani mamlaka yao ya dawa ikaamuru makampuni yaache kuuza wavu wa namna hiyo Aprili 2019. Ule unaowekwa kupitia tumboni ni habari nyingine, huo bado unatumika.

Kwa hiyo wanawake wetu wakiambiwa kuna kampeni ya madaktari wa nje inakuja na "teknolojia ya wavu" waulize unapitia wapi. Na oparesheni yoyote waulize pia uwezekano wa kurudi, mana hurudi kwa baadhi, hasa mtu akirudi na ndoo kichwani baada ya wiki mbili.

Mvuvi wa Shangani

Dada samahani kuuliza mbele za watu, na ringi hiyo tendo la ndoa je? Kuna wanaume wataigomea

Bint Kitangari

Usiombe samahani. Ile ya duara wengi wanaendelea nayo kama kawaida, au anaitoa kabla anairudisha baadae. Zipo aina nyingine nene ambazo lazima zitolewe. Oparesheni ya kufunga njia kabisa ipo tangu karne ya 19, wanafanyiwa wazee sana ambao hawahitaji tena tendo, ni fupi na inashika vizuri, ila mwanamke aamue mwenyewe akijua, sio aamuliwe na watoto.

Baba yangu mimi alipoelezwa alikaa kimya, akasema tu alidhani mama amemchoka. Miaka yote hiyo. Tangu hapo ndoo anabeba yeye kwenye baiskeli, madumu mawili mawili, na kijijini wamemcheka mpaka wamechoka.

Msomaji Kimya

nimesoma uzi wote kuanzia jana nimejiunga leo ili niandike. niko tandahimba. nina 51. yangu ina miaka 6. sijawahi mwambia mtu. naenda wapi na niseme nini nikifika pale dirishani kuna watu wengi nyuma

Bint Kitangari

Mama yangu pole. Karibu sana.

Dirishani usiseme kitu, sema tu unaomba kliniki ya magonjwa ya wanawake, inatosha. Ukiwa ndani na daktari sema "kizazi kinashuka, kimeanza miaka sita iliyopita" na kama unapenda omba wa kike, ni ruhusa. Anza hospitali ya wilaya akuandikie rufaa, au kama uwezo upo nenda Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, au ile ya Kanda kule Mitengo, wengine wanaenda Ndanda kwa sababu wana ndugu Masasi. Wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Ila kabla ya kupanda gari piga simu uulize bingwa yupo siku gani na ringi zipo au hazipo, mana sio kila mahali zinakuwepo na nauli ya kwenda bure inauma. Beba kadi ya bima kama unayo. Usijikaze mkojo njiani.

Akikupima atakuambia ukohoe au usukume, usione aibu, ndo anapima kimeshuka kiasi gani. Muulize hivi hivi kama nilivyoandika, "ringi inanifaa?" Akisema haifai akueleze kwa nini, zipo sababu za kweli, kwa mfano misuli imeharibika sana ringi haishiki.

Msomaji Kimya

nikifika mjini sijui mtu

Nesi wa Zamani

Mwanangu mimi nina mdogo wangu anafanya kazi huko Mtwara mjini, nimekuandikia pembeni, angalia ujumbe wako. Atakupokea stendi.

Msomaji Kimya

nimeuona. ahsante mama

Bint Kitangari

Mama yangu yuko hapa pembeni nimemsomea ulichoandika. Anauliza kama Tandahimba upo upande wa sokoni au wa huku njia ya Newala, mana anasema kama ni huku anaweza kuja kukaa na wewe siku moja kabla hujaondoka. Anasema atakuletea ming'oko. Na gunia usilinyanyue wiki hii.

Msomaji Kimya

ni huku njia ya newala. mwambie aje